Mtaa Uliovuka Kiu

Wapo watakaosema nchi ninayoisimulia ni ya kwao. Nawaomba wasijisumbue. Mimi nasimulia nchi nyingine kabisa, ambayo jina lake nimekatazwa kulitaja, na barua ya kunikataza ninayo, imegongwa mihuri mitatu. Msomaji akiona humu kitu anachokifahamu, basi ni macho yake tu, akayaoshe. Kama ana maji.

Katika nchi hiyo nilikuwa karani. Nilikuwa Karani wa Ukuaji wa Nafsi, Mtaa wa Kichangani, mwenye kofia, daftari na baiskeli ya serikali isiyo na breki. Kazi yenyewe ilizaliwa hivi.

Waziri wetu wa Maji, Mheshimiwa Dakta Ansigari, alialikwa ng'ambo kwenye semina ya wiki mbili. Alirudi na karatasi moja iliyochorwa pembetatu. Pembetatu hiyo, alitueleza redioni kwa saa moja na nusu, ndiyo binadamu. Chini kabisa, penye upana, ni ngazi ya kwanza: chakula, maji na usingizi. Juu yake ngazi ya usalama. Ya tatu ni kupendwa, ya nne ni kuheshimiwa. Na pale juu kwenye ncha ndipo ilipo ngazi ya tano, ambako mtu anakuwa yule aliyezaliwa awe: anaimba, anachora, anatunga mashairi, ametimia.

Mtaalamu wa ng'ambo aliyefikiria mambo hayo, Mungu amrehemu, alisema kwa nia njema kabisa kwamba mtu mwenye kiu hawezi kutunga shairi, kwa hiyo apewe maji kwanza. Waziri wetu aliitafakari hoja hiyo ndani ya ndege, akaigeuza. Kama mwenye kiu hatungi shairi, basi anayetunga shairi hana kiu. Watu watungishwe mashairi.

"Wananchi!" alinguruma redioni. "Wenzetu wako ngazi ya tano wanaimba, sisi tungali tunazungumzia ndoo! Mpaka lini, nauliza, mpaka lini taifa zima litagaagaa kwenye ngazi ya kwanza?"

Wiki ileile Wizara ya Maji ilifutwa. Pakazaliwa Wizara ya Ukuaji wa Nafsi, ndani ya jengo lilelile, chini ya Waziri yuleyule, ila gari lilikuwa jipya. Ikatangazwa kwamba ikifika Sikukuu ya Uhuru, raia wote wawe wameshapanda ngazi ya tano. Atakayebaki chini atakuwa amelitia taifa aibu.

Mimi nilifurahi, sitaki kusema uongo. Mke wangu Mashavu alikuwa na mimba changa na mimi sikuwa na kazi. Nikahudhuria semina ya siku tatu, nikafundishwa kupumua kwa tumbo, nikapewa kofia.

*

Fomu ilikuwa na visanduku vitano, kimoja kwa kila ngazi, na kila kisanduku kilitosha neno moja, tena liwe fupi. Kijitabu cha mwongozo kilisema hivi: "Jibu la kwanza ndilo jibu. Jibu la pili limeshapita akilini, nako huchafuka."

Sasa sijui kwenu. Kwetu mtu haulizwi shida akaitoa mlangoni. Hata ukimkuta ndiyo kwanza anatoka kuzika, utamuuliza habari, atakwambia nzuri, kisha ndipo atakueleza nani amefariki. Hiyo nzuri ni kizingiti tu. Shida zinakaa chumba cha ndani, nawe unaingizwa humo polepole, unapewa kigoda, unauliza mara ya pili, unauliza mara ya tatu. Kila mtu analijua hilo. Waziri mwenyewe analijua, maana amezaliwa na mama wa hukuhuku. Fomu ndiyo haikuzaliwa huku.

Nilianza na Fundi Kombo, mshona nguo, ambaye paa lake lilikuwa limechukuliwa na upepo siku ya Jumapili. Nilimkuta ameketi chini ya turubai, cherehani kaifunika kwa mwavuli.

"Habari za nyumba, fundi?"

"Nzuri kabisa, bwana karani. Ila hili paa..."

"Ahsante, fundi."

Usalama, nikaandika, nzuri. Nilikwenda hivyo nyumba kwa nyumba. Mtaa mzima ulikuwa nzuri, salama, hatujambo, tunashukuru. Ila zao zote nilizifungia nje, kwa sababu hazikuwa na kisanduku.

Mwisho nilifika kwa Bi Kidawa, mama mkwe wangu. Nilivua kofia, nikakaa ukingoni mwa baraza, nikaelekeza uso kwa kuku. Bomba la mtaa enzi hizo lilikuwa likitoa maji siku mbili kwa wiki, na siku hiyo haikuwa mojawapo. Ndoo tatu zilikuwa zimelala ubavu pale uani, kavu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Hamjambo huko?"

"Hatujambo, mama. Leo nimekuja kikazi. Habari za maji?"

"Nzuri, baba," alisema. Akazitupia macho ndoo. "Ila..."

Niliisikia ile ila. Niliisikia kama ninavyoisikia sasa hivi. Lakini mkwe ni mkwe. Mwanamume aliyeoa atamhojije mama mkwe wake kama amekunywa maji, kama amelala na njaa? Ningekuwa namwambia usoni kwamba hana, na mtu kukutwa hana mbele ya mkwewe ni fedheha isiyosahaulika. Nikamshukuru, nikaandika nzuri. Kisanduku cha tatu, kile cha kupendwa, nilimjazia mwenyewe bila kuuliza, kwani kuna maswali mtu hamuulizi mama mkwe hata kama Wizara imemwahidi pikipiki fomu zote zikijaa.

Takwimu zilipojumlishwa, Kichangani ilikuwa mtaa wa kwanza nchini kufika ngazi ya tano kwa asilimia mia moja. Nilipewa cheti. Mashavu alikining'iniza ukutani juu ya mtungi, na mtungi ulikuwa mtupu.

*

Baada ya cheti likaja lori. Mafundi wa Wizara waliteremka na majembe na spana, wakang'oa bomba la mtaa. Walipomaliza wakaenda zahanati, wakang'oa na la kule. Pale palipokuwa na bomba la mtaa walijenga nguzo ya saruji, wakaipachika kioo kikubwa cha kujitazamia, na juu yake maandishi ya rangi ya dhahabu: KIOO CHA KUJITAMBUA. UNACHOKITAFUTA KIMO NDANI YAKO.

Tulipiga makofi. Mimi nilipiga zaidi, kwa sababu ya kofia. Fundi Kombo ndiye aliyesogea kwa fundi wa lori na kumuuliza kwa sauti ya chini, "Na maji sasa, mkubwa?"

"Nyinyi si mmeshavuka huko, mzee?" alijibu yule fundi, akiwa na mshangao wa kweli.

Mabomba hayakutupwa, tusiwasingizie. Yalipelekwa Kilimani, wanakoishi mawaziri na makatibu wakuu. Huko makarani hawakutumwa, viongozi walijijazia fomu wenyewe, na kwa unyenyekevu mkubwa wote walijiandika ngazi ya kwanza. Walikiri kwamba bado wanahitaji chakula, maji, nyumba, usingizi na walinzi. Waziri alipohojiwa kuhusu hilo machozi yalimlenga. Alisema kiongozi wa kweli huwapandisha watu wake, yeye akabaki chini.

Maji yetu sisi yakawa ya mtoni, mwendo wa saa mbili kwenda, na kurudi zaidi kidogo kwa sababu ya mzigo. Rangi yake ilikuwa ya chai. Bi Kidawa aliyafuata kila alfajiri na miaka yake sitini na minne. Mimi nilikuwa kazini, nawafundisha watu kutunga mashairi.

*

Mimba ya Mashavu ilipoingia mwezi wa nane, nilimpeleka zahanati. Nesi Pelagia, ambaye ndiye daktari, ndiye mkunga na ndiye anayefagia, alimpima, akamtoa nje, akaniita mimi.

"Shemeji, mimi sikufichi. Kuzalisha naweza kwa tochi, naweza kwa mshumaa. Bila maji siwezi. Mwezi uliopita nilinawa mikono kwa maji ya chupa ya soda, na yule mama alipata homa ya uzazi. Tumemzika. Wewe ulikuwepo mazikoni, ulisoma shairi."

Nilikuwepo. Nilisoma.

"Siku ya siku niletee ndoo sita za maji safi, yaliyochemshwa. Usiponiletea, mpeleke Kilimani."

Hospitali ya Kilimani ilipokea watu wa ngazi ya kwanza tu. Nilikwenda kuuliza, mlinzi akatazama kadi ya ngazi ya mke wangu, akaniambia kwa heshima, "Huyu ni wa tano, bosi. Huyu anajitosheleza."

Ndoo sita. Mtu ataniuliza kwa nini tusiyaweke maji akiba nyumbani. Tuliweka. Lakini maji hayakai ndani ya mtaa wenye kiu, kila jirani ana mtoto, na mtoto wa jirani akiharisha utamwambia nini mama yake? Bi Kidawa aliyachota mtoni, akayachemsha, akayafunika, na kila jioni akayagawa. Asubuhi tukaanza upya. Nilianza kuota ndoo. Nilimtazama Mashavu akilala ubavu, tumbo limemfika kooni, nikahesabu siku, na ukutani kile cheti kilikuwa kinacheka.

Ndipo mama mkwe wangu akaniambia, macho ameyaelekeza kwenye moto, "Baba, wewe ni mtu wa serikali. Hakuna namna ya kushushwa?"

*

Wizarani palikuwa na Dirisha la Kupanda, lenye foleni ndefu na viti vya mto. Niliuliza Dirisha la Kushuka. Walinitazama kana kwamba nimeuliza choo cha ng'ombe. Mwisho mimi na Bi Kidawa tukapelekwa chumba namba tisa, kwa Bi Eufemia, Msikilizaji Mkuu wa Taifa.

Bi Eufemia alikuwa amesomea kusikiliza. Alisogeza kiti chake karibu, akaegemea mbele, akainamisha kichwa upande mmoja. Sijawahi kutazamwa kwa upole vile, hata na mama aliyenizaa.

"Karibuni," alisema. "Humu hakuna hukumu."

"Ahsante mwanangu," alisema Bi Kidawa. "Sisi tunahitaji maji."

"Nasikia unasema mnahitaji maji."

"Ndiyo. Binti yangu anakaribia kujifungua."

"Nasikia kuna binti, na anakaribia."

"Zahanati hakuna bomba. Mmelichukua."

"Kuna bomba ambalo ndani yako unahisi limechukuliwa."

"Ndani yangu?" Bi Kidawa alinigeukia mimi. "Baba, huyu anaumwa?"

"Mama," nilisema, "ni utaalamu."

"Nasikia hasira," alisema Bi Eufemia, akaandika. "Hasira ni nzuri. Hasira ni maua ya nafsi. Mama, mimi nakupokea jinsi ulivyo, bila sharti lolote."

"Basi nipe maji."

"Bila sharti lolote," alirudia Bi Eufemia, "ukiwa na fomu namba sita, iliyosainiwa na Kamishna wa Kushuka."

"Yuko chumba gani huyo?"

"Cheo hicho hakipo, mama. Mtu hukua. Umeshaona mtoto aliyerudi tumboni?"

Kisha akatueleza, kwa upole uleule, kwamba hata hivyo ombi letu linajipinga lenyewe. Mwanamke aliyeamka, akapanga safari, akamtafuta afisa na kujieleza vizuri hivi ameonyesha uthubutu, malengo na kujiamini, ambazo ni dalili kamili za ngazi ya tano. Kama kweli tungekuwa na kiu tusingefika pale. Alitushika mikono wote wawili tulipoaga. Mezani kwake palikuwa na jagi la maji lenye vipande vya limau, na katika usikivu wake wote hakusikia mama mkwe wangu akimeza mate.

Tulirudi kwa miguu. Njia nzima nilikuwa na neno kooni, nalo lilikuwa tusi.

*

Mlangoni tulikuta barua ya Wizara. Mheshimiwa Waziri angekuja Kichangani Jumamosi kuutunuku mtaa nishani ya Kilele. Utaratibu ulikuwa umeambatishwa. Mheshimiwa atahutubia. Mheshimiwa atauliza wananchi hali yao. Karani wa mtaa ataandika jibu la kwanza ndani ya Daftari Kuu, na jibu hilo litachapwa katika Gazeti la Serikali na kuwa sheria.

Bi Kidawa aliniomba nimsomee ile sentensi ya mwisho mara mbili.

"Basi tumjibu mbaya," alisema.

Ilionekana rahisi. Siku hiyohiyo alikusanya mtaa nyuma ya banda la Fundi Kombo, akashika mwiko, akajifanya yeye ndiye Waziri.

"Habari zenu?"

"Nzuri!" uliitikia mtaa mzima.

"Nyie! Nimesema nini? Tena. Habari zenu?"

"Nz... mb... tunashukuru Mungu!"

Msidhani watu walikuwa wajinga. Neno lenyewe lilikataa kutoka. Mama mmoja alisema akijibu mbaya atakuwa anamwita shetani. Mwingine aliuliza kama haiwezekani kusema nzuri, lakini kwa uso wa huzuni. Fundi Kombo, ambaye sasa alikuwa na mwezi wa tano chini ya turubai, alisimama akajaribu peke yake, akafumba macho, jasho likamtoka, akasema, "Mbaya... kidogo... si sana," akakaa chini.

Bi Kidawa hakuchoka. Aliwapiga watu vidoleni kwa mwiko. Kufikia Alhamisi waliweza kusema mbaya wakiwa wametazama chini. Ijumaa waliweza wakiwa wametazamana. Ijumaa jioni walisema wote kwa pamoja hata kuku wakakimbia, na mama mkwe wangu akafuta macho kwa upindo wa kanga.

*

Jumamosi asubuhi kabla ya msafara likaja boza. Lori la maji, lita elfu kumi, limepakwa rangi za bendera. Tukadhani tumesikilizwa. Kumbe lilikuwa limekuja kumwagilia barabara, vumbi lisimkere Mheshimiwa. Lilipita mbele ya macho yetu polepole, maji yanamwagika mchangani, na wanawake wakiwa wamesimama na ndoo zao pembeni, hakuna aliyesogea, kwa adabu. Kisha likaegeshwa nyuma ya jukwaa, likiwa bado nusu, kwa ajili ya Mheshimiwa atakapoondoka.

Saa tatu uchungu ukamshika Mashavu. Tulimfikisha zahanati. Nesi Pelagia alitazama ndoo tulizonazo: moja imejaa, moja nusu.

"Shemeji," alisema, "hii si sita."

Nilitaka kubaki. Bi Kidawa ndiye aliyekataa. "Wewe ndiye mwenye kalamu, baba. Na mimi nisipokuwepo kule, wale watasema nzuri." Alimpapasa bintiye kichwani, akajifunga kanga upya kiunoni, tukaondoka kwa haraka, yeye mbele mimi nyuma.

Waziri alihutubia kwa saa mbili. Alisema yeye mwenyewe alizaliwa hajui yeye ni nani, lakini leo anajua. Alisema ndani ya kila mwananchi kuna mbegu, na serikali imeondoa vikwazo vyote vilivyoizuia mbegu hiyo, ikiwemo bomba. Akatazama Kioo cha Kujitambua kwa muda mrefu, akarekebisha tai. Jua lilikuwa kali, watoto walilamba midomo. Kila dakika nilikuwa nageuka kutazama upande wa zahanati.

Hatimaye alifunga karatasi. Mimi nilifungua Daftari Kuu, nikachovya kalamu. Bi Kidawa alikuwa mstari wa mbele, na nyuma yake mtaa mzima ulikuwa umevuta pumzi, neno limeshakaa ulimini.

Mheshimiwa Dakta Ansigari aliteremka jukwaani. Hakupaza sauti. Alikwenda moja kwa moja kwa mama mkwe wangu, akainama, akashika mikono yake miwili, akasema, "Shikamoo, mama yangu."

Ee Mola. Waziri mzima, ameinama, anaamkia. Sijui nani alimfundisha, nadhani ni yule mama aliyemzaa. Kuna binadamu gani wa kwetu anayeweza kuitikia shikamoo kwa ubaya?

"Marahaba, baba," alisema Bi Kidawa, na nikaona mabega yake yanalegea.

"Habari za hapa, mama?"

Alipigana, mimi nilimwona akipigana.

"Nzuri, baba."

"NZURI!" uliitikia mtaa mzima nyuma yake, kwa sauti ya watu waliotua mzigo.

"Ila..." alisema Bi Kidawa.

Waziri alikuwa ameshageuka. Aliipungia bendi mkono. "Andika, karani," alisema.

Kalamu ilikuwa mkononi. Kisanduku kilikuwa mbele yangu, cheupe. Nilimtazama mama mkwe wangu amesimama pale na ila yake mdomoni, na nikaijua, ilikuwa ileile ya siku ya kwanza, ya ukingoni mwa baraza, tangu siku hiyo alikuwa bado hajaimaliza. Nikasimama. Kofia ikaanguka.

"Ila nini, mama?" nilimuuliza.

Bendi ilinyamaza. Watu elfu moja na zaidi walimwona mwanamume akimhoji mama mkwe wake hadharani. Alinitazama usoni, jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu nimwoe bintiye.

"Ila mwanangu yuko zahanati anajifungua, na hakuna maji ya kumnawisha mkunga, wala ya kumwogesha mtoto. Ila mimi nina miaka sitini na minne na shingo yangu imekwisha kwa ndoo. Ila tumemzika mke wa jirani, tukamsomea shairi. Nawe ulijua, baba. Wote mlijua."

"Ila paa langu!" alipiga kelele Fundi Kombo. "Mwezi wa tano!"

"Ila wanangu wanaharisha!"

"Ila mimi sijaoga!"

Zilimiminika. Ila za miezi, ila za miaka, nyingine za enzi ya waziri aliyetangulia. Mheshimiwa alinyakua kipaza sauti. "Ila hazimo kwenye fomu!" alifoka. "Wananchi! Ila hazimo kwenye fomu!" Walinzi walimzingira, gari likasogezwa.

Sikungoja. Nilikimbilia nyuma ya jukwaa, kwa boza. Dereva alikuwa ameegemea tairi anachokoa meno.

"Habari za kazi, kaka?" nilimuuliza, nahema.

"Nzuri," alisema. Akanitazama, akatazama wanawake na ndoo zao waliokuwa wanakuja nyuma yangu. "Ila hii koki haifungi vizuri," akasema, akaifungua.

Nesi Pelagia alipata ndoo sita, na ya saba ya chai. Barabara ya Mheshimiwa ilibaki kavu, na tulisikia baadaye kwamba alifika Kilimani akipiga chafya. Kabla ya alasiri Mashavu alijifungua mtoto wa kike, mzima, mwenye sauti. Akaogeshwa kwa maji ya kutuliza vumbi la serikali.

Jioni Bi Kidawa alikaa mlangoni kwangu, uso ameuelekeza kwa kuku kama kawaida. Alimpakata mjukuu wake.

"Umeniaibisha mbele za watu, baba," alisema.

"Nisamehe, mama."

Alimfunika mtoto miguu kwa kanga.

"Ungeniaibisha mapema," alisema.

*

Ningependa kuishia hapo, lakini nchi yenyewe haikuishia hapo. Gazeti la Serikali lilitoka Jumatatu. Kichangani, liliandika, iliulizwa hali yake na ikajibu nzuri. Jibu la kwanza ndilo jibu. Mimi nilifukuzwa kazi kwa kosa la kumhoji mwananchi zaidi ya mara moja. Bomba halikurudi, na boza halijaonekana tena, kwa kuwa hakuna mkubwa aliyetutembelea tangu hapo, vumbi na libaki. Bi Kidawa anaamka alfajiri. Mimi namfuata na ndoo zangu mbili, sasa nina nafasi.

Juzi alikuja karani mpya. Mtu mzima, mstaarabu, ameoa mtaani hapahapa. Ametembea juani nyumba kwa nyumba na fomu mpya, ambayo visanduku vyake vimepunguzwa. Nilikuwa nimeketi barazani na mtoto mapajani. Nilijiapiza moyoni: huyu atajibiwa mbaya, neno la kwanza, hata ardhi ipasuke.

"Habari za asubuhi, kaka? Habari za mtoto?"

Mtoto alikuwa ananitazama, anacheka, ana meno mawili. Baba gani atasimama mlangoni kwake aseme habari za mwanawe ni mbaya?

"Nzuri," nilisema. "Ila, ndugu yangu, maji..."

Alikuwa ameshaandika. Alifunga daftari, akavua kofia, akajipepea nayo. Alianza kuondoka, kisha akasita, akarudi hatua mbili, na kwa aibu kidogo akauliza kama ningeweza kumsaidia maji ya kunywa.

Nilimwonyesha kioo kilipo.